MAMA MKWE AMEPATA KIHARUSI. MNAMLAZA MPAKA LINI?

SEHEMU YA 1

Leo siongelei chanjo wala homa ya mtoto. Leo nimekuja na hasira kidogo, mnisamehe mapema. Nitaandika sehemu nane, na nawaomba msome zote kabla hamjanirukia.

Mwezi wa tatu mwaka jana bibi mmoja alitoka wodini kwetu akitembea. Kwa fimbo, ndiyo. Mguu wa kulia unaburuta, ndiyo. Lakini alitembea kwa miguu yake mpaka kwenye bajaji, mkwe wake yuko pembeni amembeba mtoto wa miezi minne mgongoni. Tulipunga mikono. Tulifurahi.

Mwezi wa kumi na moja wakamrudisha. Safari hii wamembeba kwenye shuka, watu wanne. Goti la kulia limekunjika, halikunjuki. Mkono umekakamaa kifuani. Juu ya makalio ana kidonda cha kulalia kinachoingia vidole vyangu vitatu. Na yule mtoto wa mgongoni? Ameshika ukingo wa kitanda cha bibi yake, anajifunza kusimama.

Nikamuuliza mkwe, "Mwanangu, ilikuwaje?" Akalia. Akasema, "Nesi, tulimtunza. Hatukumwacha afanye kitu chochote. Hata kikombe cha maji tulimshikia sisi."

Jamani, hapo ndipo penye msiba. Ile familia haikuwa na roho mbaya. Walimpenda mpaka wakamlaza.

Na kabla hujamlaumu yule binti, ngoja nijilaumu mimi kwanza. Karatasi yake ya kuruhusiwa iliandikwa dawa tatu, tarehe ya kurudi kliniki, na neno moja: "mazoezi". Mazoezi gani? Wapi? Mara ngapi? Na nani? Hakuna. Mimi ndiye niliyempa hiyo karatasi mkononi, na mimi ndiye niliyemwambia, "Mpumzisheni, ameteseka sana."

SEHEMU YA 2

Najua kuna anayesema, "Nesi, mimi nina miaka 27, nina mtoto ananyonya, kiharusi kinanihusu nini?"

Kinakuhusu kuliko unavyodhani. Duniani, katika kila watu wazima wanne, mmoja atapata kiharusi kabla ya kufa. Sasa hesabu watu wazima wa familia yako: mama, baba, mama mkwe, baba mkwe. Wanne hao.

Usiniambie ni ugonjwa wa Wazungu au wa matajiri. Kati ya 2003 na 2006 watafiti walihesabu kiharusi hapa hapa Tanzania, kijijini kule Hai, Kilimanjaro, na mjini hapa Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, Hai walipata watu kama 109 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Dar walipata kama 316. Karibu mara tatu. Mjini, tulipo na chipsi zetu, presha zetu na kukaa kwetu kwenye foleni.

Na wengi hawafi siku ile. Wanarudi nyumbani. Nyumbani kwa nani? Kwa kaka mwenye kazi nzuri? Hapana. Wanarudi palipo na mwanamke wa kuwahudumia: binti ambaye hajaolewa, au mkwe ambaye "si yupo tu nyumbani". Anabadilisha pempasi mbili kwa siku moja, ya mtoto na ya bibi. Biashara yake ya maandazi imekufa. Mawifi wanakuja Jumapili, wanaangalia shuka, wanaondoka wakinung'unika.

Kwa hiyo nikiongelea mazoezi ya mgonjwa wa kiharusi, naongelea mgongo wako wewe, usingizi wako, na kipato chako. Bibi akiweza kusimama mwenyewe na kwenda chooni, na wewe umepata maisha yako.

Tena mdogo wangu uliyepata presha ya mimba au kifafa cha mimba, hili ni lako mara mbili. Aliyepitia hayo hatari yake ya kupata kiharusi huko mbele ni kubwa kuliko ya wenzake. Kapime presha hata kama mtoto ameshaanza shule.

SEHEMU YA 3

Sasa tuongee hili neno "apumzike".

Siku za mwanzo hospitali tunajua tunafanya nini, na daktari ndiye anayesema lini aanze kuinuka. Lakini akisharuhusiwa, hali imetulia, presha imeshuka, halafu ukamlaza miezi minane, hapo humpumzishi. Unammaliza.

Misuli isiyotumika inanyauka, hata ile ya upande mzima. Mifupa inapoteza uimara. Viungo vinakaza. Moyo unazoea uvivu, akija kukaa tu anahema. Presha na sukari vinakuwa vigumu kudhibiti, na hivyo ndivyo vinavyomletea kiharusi cha pili. Ngozi inayobanwa na godoro mahali pamoja inakosa damu, inaoza. Mtu hakufa kwa kiharusi, anakufa kwa kitanda.

Kuna jambo lingine, na hili wewe mama unalijua kuliko profesa. Ubongo unafundishwa kwa kurudia. Sehemu iliyokufa haifufuki, lakini sehemu zilizobaki zinaweza kujifunza kazi upya, kidogo kidogo, zikirudishiwa kazi hiyo mara mia, mara elfu. Mwanao alijifunzaje kutembea? Kwa kubebwa? Alishika kiti, akayumba, akakaa, akainuka tena. Ulimwekea mikono karibu bila kumshika. Hukumfunga kitandani eti ataumia.

Basi mbona bibi unamfunga?

Tofauti ni moja, nakubali: mtoto akianguka analia, bibi akianguka anavunjika nyonga. Ndiyo maana mazoezi yake yanahitaji mtu anayejua, na mahali palipoandaliwa. Hilo ndilo ninalolidai kwenye sehemu zinazofuata. Kumlaza hakujawahi kuwa jibu.

Na ule msemo kwamba "ikipita miezi sita hakuna kitu tena", tafadhali uache. Mwanzoni kupona kunakwenda haraka, halafu kunapungua kasi. Kupungua kasi si kusimama.

SEHEMU YA 4

"Nesi, una ushahidi, au ni maneno tu?"

Ushahidi ninao. Mwaka 2005 kule Vancouver, Kanada, walichapisha matokeo ya watu 63 wenye umri wa kuanzia miaka 50, wote wameshakaa na kiharusi mwaka mmoja au zaidi. Yaani wale ambao sisi tungesema "huyu ndiyo basi". Wakawagawa makundi mawili. Kundi la kwanza likafanya mazoezi ya miguu, usawa na pumzi, saa moja, mara tatu kwa wiki, wiki 19. Kundi la pili likafanya mazoezi ya mikono wakiwa wamekaa. Mwishoni kundi la kwanza lilikuwa na pumzi zaidi, lilitembea mbali zaidi, na mguu dhaifu ulikuwa na nguvu zaidi kuliko wa wenzao. Hata mfupa wa nyonga upande ulioathirika ulibaki vilevile, wakati kwa wenzao ulipungua.

Hayakufanyika wodini. Yalifanyika ukumbini, kwenye jamii. Na vifaa? Viti. Vijukwaa vya kupanda na kushuka. Ukuta. Vitu vya kukwepa wakati wa kutembea. Nisomee hapo ni kipi ambacho hakipo mtaani kwako.

Kule Empoli, Italia, wana mazoezi ya aina hiyo kwenye kumbi za kawaida za mazoezi, mwanakikundi anachangia kiasi kidogo, na daktari wake anajua yuko wapi. Toronto nako wana mpango ambao wataalamu wa fiziotherapia wanawafundisha waalimu wa mazoezi wa vituo vya mtaani, halafu hao waalimu ndio wanaoongoza. Mtaalamu haondoki hospitali kila siku. Anafundisha, anakagua, anapigiwa simu pakiwa na shida.

Na wataalamu wa moyo na kiharusi wa Marekani mwaka 2014 waliandika wazi kwamba aliyepata kiharusi afanye mazoezi ya pumzi kama kutembea, dakika 20 hadi 60, siku kadhaa kwa wiki, na anayechoka haraka agawanye vipande vya dakika kumi kumi. Hakuna aliyeandika "alale".

SEHEMU YA 5

Sasa nakuja kwa wenzangu wa hospitali, maana najua tutajitetea hivi: "Sisi tunawafundisha ndugu, wakafanye mazoezi nyumbani."

Sawa. India walijaribu hilo kwa uzito, matokeo yakatoka 2017. Wagonjwa 1,250, hospitali 14. Nusu yao, ndugu walifundishwa kabisa namna ya kumfanyisha mgonjwa mazoezi nyumbani, wakafuatiliwa. Nusu nyingine wakapata huduma ya kawaida. Baada ya miezi sita, waliofariki au waliobaki wakimtegemea mtu walikuwa asilimia 47 upande huu, na asilimia 47 upande ule. Hakuna tofauti.

Nitasema ukweli wote: utafiti huo haukulinganisha nyumbani na kikundi, kwa hiyo siwezi kuutumia kusema kikundi kimeshinda. Ninachosema ni hiki. Pale ndugu walifundishwa vizuri na wakafuatiliwa, na bado haikutosha. Sasa huyu wa kwetu, aliyefundishwa dakika tano mlangoni huku mtoto analia, akapewa karatasi yenye neno moja, tunategemea nini? Halafu akirudi na kidonda tunamwangalia kwa jicho kali, "Mbona hamkumgeuza?"

Tumemtupia mwanamke mmoja kazi ya idara nzima, bila mshahara, bila mafunzo, bila mapumziko. Akishindwa tunamwita mzembe. Mimi nimefanya hivyo. Sitaki tena.

Kikundi kinabadilisha mambo ambayo nyumba haiwezi. Kwanza, kuna siku na saa. Nyumbani mazoezi yanasubiri uoshe vyombo, na vyombo haviishi. Pili, kuna wenzake. Baba aliyepooza anayekataa kuinuka kwa mkewe atainuka akimwona mzee mwenzake ameinuka, sisi tunawajua wanaume zetu. Tatu, huzuni. Wengi baada ya kiharusi wanaingia kwenye sonona, wananyamaza, wanakataa kula, sisi tunadhani ni ukaidi. Mtu anayesubiriwa mahali na watu ana sababu ya kuvaa viatu. Na nne, wewe. Saa hiyo moja unakaa chini ya mwembe na wanaouguza wenzio, mnaulizana mnafanyaje usiku.

SEHEMU YA 6

Najua mtakachoniambia. Nimeshayasikia yote.

"Ataanguka." Anaweza. Ndiyo maana kiti kinawekwa nyuma yake kimeegemea ukuta, anasimama msaidizi upande wake dhaifu, na walio dhaifu zaidi wanaanza wakiwa wamekaa. Tena anaanguka zaidi yule ambaye misuli yake imekwisha, siku anapojaribu kwenda chooni usiku peke yake kwa sababu ameona aibu kukuamsha.

"Hatuna wataalamu." Wachache, kweli. Ndiyo sababu ya kuwatumia kufundisha wengine. Mtaalamu mmoja anayeona mgonjwa mmoja mmoja atawafikia wangapi kwa mwaka? Akifundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii na waalimu wa mazoezi kumi, hesabu inabadilika. Mbona chanjo hatukusubiri daktari bingwa kila mtaa?

"Hakuna hela." Viti vipo shuleni. Uwanja upo. Ukumbi wa msikiti au wa kanisa upo wazi Jumanne asubuhi. Kipimo cha presha kipo zahanati. Linganisha na nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa mara mbili kwa wiki kwa gari la kukodi, halafu uniambie ghali ni ipi. Mtaa unaochangia jezi za ligi ya Ramadhani unaweza kuchangia mikeka.

"Watu watamcheka." Wanamcheka sasa hivi, kwa sababu hawamwoni, wanasikia tu habari zake. Watu kumi na wawili wenye kiharusi wakiwa uwanjani kila wiki, mtaa utazoea. Watoto ndio watakaozoea kwanza.

"Ni jini, ni upepo mbaya, kuna mtu." Sitagombana na imani yako usiku huu. Muombee, msomee. Lakini presha ipimwe, dawa anywe, na goti likunjwe na kukunjuliwa. Dua haijakataza goti kukunjuliwa.

SEHEMU YA 7

Basi ninadai nini hasa? Siombi jengo. Naomba saa moja, mara mbili kwa wiki kwa kuanzia, zikifika tatu nitashukuru.

Angalia kliniki ya watoto. Kuna siku inajulikana. Kuna kadi. Kuna mzani. Usipokwenda unaulizwa. Mama wa kijijini asiyejua kusoma anajua Jumatano ni kliniki. Nchi hii inajua kupanga kitu kama hicho na imekifanya miaka mingi. Kwa nini bibi aliyemlea huyo mtoto asiwe na siku yake na kadi yake?

Na Jumamosi alfajiri hapa Dar vikundi vya jogingi vimejaa barabarani na jezi zao, nyimbo, filimbi. Nyinyi wa jogingi, nawasemesha. Mmeshajipanga, mna viongozi, mna wanachama. Mkimaliza mbio zenu, mna nafasi ya viti kumi pembeni?

Siku ya mazoezi ingekuwa hivi. Wanaokuja ni wale ambao daktari au mtaalamu ameshawaona na kuwaruhusu. Wakifika, presha inapimwa. Iliyofika 180/110, leo hafanyi, anapumzishwa, anapimwa tena na kupelekwa kuonwa. Wengine wanaanza taratibu: kukaa na kusimama kutoka kwenye kiti. Kunyanyua visigino wakiwa wameshika ukuta. Kupanda na kushuka kijukwaa kifupi. Kutembea, kwanza moja kwa moja, baadaye kukwepa vitu. Mkono dhaifu nao unapewa kazi: kushika kikombe, kukunja kitambaa, kufua soksi. Anahema kidogo lakini anaweza kuongea. Anakunywa maji. Presha inapimwa tena, imeandikwa kwenye kadi, wanaagana.

Akihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu, kichwa kuuma ghafla kwa nguvu, au mdomo kwenda upande, mkono kulegea, maneno kuparaganyika, mazoezi yanasimama na anakimbizwa hospitali. Muda huo huo. Si kesho, si baada ya kuongea na mjomba.

Na hili la nyumbani shikeni leo leo: msimvute mgonjwa kwa mkono uliopooza mkimwinua. Bega lake halina misuli ya kulishikilia, linateguka, na maumivu yake yanamfanya achukie mazoezi kabisa. Mshike kiunoni, au mkanda, kwa upande dhaifu.

SEHEMU YA 8 (MWISHO)

Mtaniuliza, "Sasa mimi mama wa watoto wawili nifanye nini, mimi ni serikali?"

Hospitali: siku ya kuruhusiwa, usiondoke na neno "mazoezi". Uliza maswali manne, kwa adabu, lakini uyaulize: mazoezi gani, mara ngapi, wapi, na nani atamwangalia? Wakikuambia "mtaona hukohuko", kaa. Kaa hapo hapo kwenye benchi. Mimi nesi nakuambia, tutamtafuta mtaalamu aje akuonyeshe. Tunakimbia kwa sababu hatuulizwi.

Nyumbani: acheni kumfanyia anachoweza kufanya. Kikombe ashike mwenyewe kama anameza vizuri. Vifungo afunge hata ikichukua robo saa. Atamwaga, atachelewa, utakereka. Vumilia, kama ulivyomvumilia mwanao na kijiko cha uji. Na kaka zako na shemeji zako wapangiwe siku. Mama ni wa wote.

Mtaani: kwenye mkutano wa serikali ya mtaa, baada ya taka na ulinzi shirikishi, nyoosha mkono. Sema, "Mtaa huu una wagonjwa wangapi wa kiharusi?" Mwenyekiti hatajua. Hesabuni. Mkifika watano mna kikundi. Nendeni zahanati pamoja mkaombe siku, kipimo cha presha, na mtaalamu wa kuja kufundisha hata mara moja kwa mwezi. Mtu mmoja akiomba anaambiwa arudi kesho. Wanawake kumi wakiwa na watoto mgongoni wanapewa viti.

Mnataka kujua yule bibi aliishia wapi. Kidonda kilipona, ilichukua karibu miezi mitatu. Goti halikukunjuka. Sasa anakaa mwenyewe kitandani bila kuegemezwa, na hilo tumelipigania mimi, mtaalamu wa fiziotherapia na mkwe wake, siku hata siku. Kutembea tena kama alivyotembea kwenda kwenye ile bajaji, sidhani. Ile nafasi tuliipoteza kati ya mwezi wa tatu na wa kumi na moja, kwa mapenzi na kwa uzembe wetu sisi wa hospitali.

Siku walipoondoka, mjukuu alikuwa anatembea. Anayumba, anashika ukuta, anakwenda. Bibi yake alikuwa anamwangalia.

Kama kwako kuna mtu amelala, kesho asubuhi, kabla ya chai, mkalishe kwenye ukingo wa kitanda, miguu iguse chini, ukae pembeni yake. Halafu nenda kaulize daktari wake kinachofuata.

Nesi wenu. Usiku mwema, kesho nipo zamu ya asubuhi.